Chai Hulishwa, Msunobari Hujitafutia

Katika nchi ya Kericho na Bomet ni vigumu kumpata mkulima wa chai asiyejua msimu wa kutia mbolea. Mifuko ya kilo 50 huja kwa malori hadi kiwandani au kituo cha kununulia majani, huandikwa katika daftari kwa jina la mwenye shamba na hesabu ya mashina yake, na gharama yake hukatwa kidogo kidogo katika malipo ya majani, kwa utaratibu uliozoeleka tangu siku za mwanzo za ile halmashauri ya chai ya wakulima wadogo iliyopewa jina la KTDA mwaka 1964. Hata mtoto anayetumwa kuchuma jioni baada ya shule anajua kwamba shina lisilopata chakula hutoa machipukizi machache, na machipukizi machache ni bonasi nyembamba. Lakini mpakani mwa shamba lilo hilo, ambako chai inakoma na mteremko unaanza kushuka kuelekea mtoni, imesimama misunobari ya miaka kumi na miwili au kumi na mitano, iliyotiwa ardhini siku moja na kusahauliwa, ambayo haijapata kuonja konzi moja ya mbolea tangu ilipotoka kitaluni, na ambayo mwenyewe anaitazamia, bila ya wasiwasi wowote, imlipie karo na kumwezekea nyumba.

Je, yamfaa mtu kuulisha mbolea msunobari uliokwisha kuwa mkubwa? Si mche, kwa kuwa habari za mche zimesemwa sana, bali mti uliofika nusu ya safari yake, uliofunika kivuli, wenye gome gumu na unene wa kukumbatika. Swali hili limeulizwa na kujibiwa kwa mizani na vipimo katika nchi nyingine za dunia, na jibu lake si la ndiyo tupu wala la hapana tupu. Rai yangu, nitakayojaribu kuieleza, ni kwamba mbolea ya mti mzima ni jambo la hesabu na la uchunguzi kabla ya kuwa jambo la mifuko, na kwamba nchi ya chai, ambayo maarifa ya kulisha mmea imeyazoea kuliko nchi nyingi, ina nyenzo za kulijibu swali hili nyumbani kwake, lau ingependa kuyavusha maarifa hayo ule mpaka mfupi uliopo baina ya chai na miti.

Msunobari tunaouzungumzia, ambao wapasuaji mbao wa Londiani na Molo huuita paini, asili yake ni milima ya Mexico, na jina lake la kitaalamu ni Pinus patula: ni ule wenye majani marefu membamba yanayoning'inia kama nywele. Haukuwa chaguo la pekee tangu mwanzo. Hapo zamani idara ya misitu ilikuwa na matumaini makubwa kwa ndugu yake, Pinus radiata, aliyekuwa akinenepa kwa kasi katika nyanda za juu za Kenya, hata ukaja ugonjwa wa kuvu uitwao Dothistroma, ambao mapema katika miaka ya 1960 uliyaunguza majani ya miti hiyo kwa kiasi cha kuifanya serikali iache kuipanda; patula, wenye ustahimilivu zaidi, ukashika nafasi yake pamoja na saipresi. Leo mashamba ya miti ya serikali nchini yanazidi hekta laki moja, sehemu kubwa ikiwa ni saipresi, paini na mikaratusi, na vijana wanaofunzwa kuyatunza hupitia katika chuo cha misitu cha Londiani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kericho, kilichofunguliwa mwaka 1957. Paini ya mbao hukatwa aghalabu ikiwa na miaka 25 hadi 30. Kwa hiyo, tunaposema umri wa kati, tunakusudia miaka ya 10 hadi 18, takriban.

Sasa yatupasa kujua kinachotokea katika msitu katika umri huo, kwani hapo ndipo siri yote ilipo. Mche uliopandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, yaani miche 1,600 katika hekta moja, huwa na ardhi yake peke yake kwa miaka michache. Mizizi haijagusana, matawi hayajakutana, na rutuba iliyobakia katika udongo baada ya msitu wa zamani au baada ya mahindi na viazi hutosha na kusaza. Baadaye matawi hukutana, kivuli huziba, nyasi hufa chini yake, na kila mti hujitahidi kuyajenga majani yake yote kwa wakati mmoja na jirani zake: ndio wakati ambao msitu huvuta chakula kingi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake. Na kumbe wakati huo huo chakula kimeanza kufungwa. Majani ya msunobari yanayodondoka ni makavu, yana utomvu na uchachu, na katika baridi ya nyanda za juu wadudu na kuvu wa udongo huyala polepole mno. Yanarundikana mwaka hata mwaka yakawa zulia nene, na ndani ya zulia hilo mna naitrojeni ambayo mti ulikwisha kuitumia na ungependa kuitumia tena, lakini haipatikani hadi majani yaoze. Msitu huwa tajiri wa mali iliyofungiwa. Kwa kuwa mti usiokuwa na naitrojeni na fosforasi ya kutosha hauwezi kujenga majani ya kutosha, na kwa kuwa ubao si kitu ila ni mwanga wa jua ulionaswa na majani ukageuzwa kuwa mwili wa mti, upungufu huo huonekana kwanza juu, kwa kilele chepesi kinachopitisha anga, kisha hushuka shinani kwa pete nyembamba za kila mwaka.

Hapa mtu mwepesi wa mkono angekimbilia mfuko. Walakini tiba ya kwanza ya msitu uliosongamana si mbolea, ni shoka. Watu ishirini wakizunguka sinia moja la watu wanane, kuongeza vijiko viwili vya wali hakumshibishi yeyote, bali huwapa wote nguvu ya kugombana zaidi. Na ndivyo ilivyo kwa miti 1,600 inayotaka nafasi ya miti 600. Ukiutia mbolea msitu ambao haujapunguzwa, unailisha pia ile miti iliyopinda, yenye mashina mawili, iliyobanduliwa magome na tumbili, ambayo ungepaswa kuiondoa, na baada ya miaka miwili itakuwa imewazidishia wenzao kivuli kwa mbolea uliyoinunua wewe. Ndiyo maana wajuzi husema mti ulishwe mwaka ule ule unapopunguzwa wenzake, au mwaka unaofuatia, ili kilele kipate nafasi ya kupanuka na chakula cha kupanukia kwa pamoja.

Kwa mkulima mdogo, lakini, hili la kupunguza miti ndilo neno gumu kuliko yote. Nadhani hakuna kijana wa misitu aliyefanya kazi upande huu ambaye hajasikia swali la namna hii kutoka kwa mwenye shamba: “Kijana, huu mti nimeulea miaka kumi na miwili, leo unaniambia niukate ili jirani yake anenepe?” Naye hujibu, kwa adabu, “Ndiyo, mzee, na ule uliokonda uuze nguzo za boma.” Mzee hucheka, na mara nyingi mti hubaki umesimama. Wala si ujinga. Kwake kila mti ni akiba, na akiba haikatwi kwa ushauri. Ila ukweli wa msitu ni kwamba akiba iliyosimama kwa kusongana haiongezeki thamani, kwa kuwa mnunuzi wa magogo hulipa kwa unene kuliko kwa idadi.

Tuangalie sasa wenzetu waliofanya jambo hili kwa ukubwa. Karibu na mji wa Auckland, huko New Zealand, mna msitu uitwao Riverhead, uliopandwa misunobari ya radiata katika udongo wa mfinyanzi uliokuwa maskini wa fosforasi. Miti ikadumaa, ikawa ya manjano, na watu wakakaribia kuikatia tamaa, hata katika miaka ya 1950 ndege zikapita juu yake zikimwaga mbolea ya fosfeti, na msitu ule ambao ulikuwa umesimama pasipo kukua ukaanza kukua tena. Funzo la Riverhead ni kubwa, lakini lina hatari ya kupotosha, maana lilikuwa ni funzo la mgonjwa aliyepata dawa ya ugonjwa wake hasa. Kusini mwa Marekani ndiko jambo hili lilikofanywa kuwa desturi ya biashara: msunobari wa huko, Pinus taeda, katika umri wa kati na baada ya kupunguzwa, hutiwa takriban kilo 225 za naitrojeni na kilo 28 za fosforasi kwa hekta, zote mbili kwa pamoja kwa kuwa zikishirikiana huleta faida kubwa kuliko moja peke yake, na kwa wastani msitu hujibu kwa kuongeza mita za ujazo 3 hadi 4 kwa hekta kila mwaka, juu ya zile ambazo ungeziongeza wenyewe, kwa muda wa miaka 6 hadi 10, kisha hurejea katika mwendo wake wa awali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 eneo lililotiwa mbolea kwa mtindo huo huko Marekani lilipita ekari milioni moja kwa mwaka.

Hesabu hiyo, tukiifasiri kwa mifuko ya Kenya, yataka kama mifuko 9 ya yurea na mifuko 3 ya mbolea ya fosfeti iitwayo DAP kwa hekta moja, ambayo kwa ekari ni jumla ya mifuko 5, ukikadiria kwa kuzidisha kidogo. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani, mfuko mmoja ulipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaleta ruzuku iliyoushusha hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500, ingawa ruzuku hiyo ilikusudiwa chakula cha watu na si cha miti. Basi ekari moja ya misunobari ni kama shilingi 30,000 kwa bei ile ya ukali, na 12,500 kwa bei ya ruzuku, bila ya ujira wa wamwagaji.

Na hapa ndipo inapofichuka sababu ya kungoja umri wa kati, sababu ambayo si ya mimea bali ya fedha. Chukua zile shilingi 30,000, na udhani kwamba ungeweza kuziweka mahali zikazaa asilimia 12 kwa mwaka. Ukizimwaga chini ya mti wa miaka 5 utakaokatwa ukiwa na 25, zimekaa ardhini miaka 20, na mti unadaiwa zaidi ya shilingi 289,000 kabla hujasema umepata faida. Ukizimwaga mti ukiwa na miaka 17, zimekaa miaka 8 tu, na deni ni shilingi 74,000 na kitu. Mbao zilizoongezeka katika miaka hiyo 8, ikiwa miti itajibu kama ile ya Marekani, ni mita za ujazo kati ya 10 na 13 kwa ekari. Maana yake ni kwamba kwa mbolea ya bei kali, kila mita ya ujazo ya nyongeza imekugharimu baina ya shilingi 5,700 na 7,400, na kwa mbolea ya ruzuku baina ya 2,400 na 3,100. Mwenye miti na aende kwa mnunuzi wa magogo aulize ananunua mita ya ujazo iliyosimama kwa bei gani, kisha alinganishe mwenyewe. Bei hiyo haijapata kutulia. Zuio la kukata miti katika misitu ya serikali lililotangazwa Februari 2018 lilidumu hadi Julai 2023, na katika muda wote huo shoka lilihamia mashambani mwa watu. Mwenye mita kumi za ziada mwaka mmoja si sawa na mwenye mita kumi za ziada mwaka mwingine.

Kuna faida nyingine ambayo hesabu ya mita za ujazo haiioni, nami naithamini kuliko hiyo ya kwanza. Ubao ambao mti huujenga katika miaka yake kumi ya mwanzo ni ubao wa utotoni: mwepesi, wenye kupinda ukikauka, na umejaa mafundo ya matawi ya chini. Mti ukipogolewa kwa wakati, kila pete inayojengwa baada ya hapo hulifunika lile jeraha la tawi na kuendelea nje ikiwa safi, na pete za umri wa kati na kuendelea ni za ubao uliokomaa. Kwa hiyo ukiuharakisha mti utotoni umeinenepesha sehemu yake dhaifu. Ukiuharakisha katikati ya umri, baada ya kupogoa na kupunguza, unene unaouongeza wote unaingia katika ubao wa nje, ulio mgumu na usio na fundo, ule ambao seremala huutafuta kwa milango na meza. Wako wanaohofia kwamba mti unaokua upesi hutoa ubao laini, na hofu yao ina haki kidogo, kwani pete za miaka miwili mitatu ya kwanza baada ya mbolea huweza kuwa nyepesi kuliko kawaida. Lakini upungufu huo ni mdogo kwa kulinganisha na tofauti iliyopo kati ya kiini cha utotoni na ubao wa nje.

Je, udongo wa Kericho unasemaje? Udongo huu mwekundu, wenye kina kirefu, umetokana na lava za kale, na una sifa mbili zinazovutana. Yale maeneo yaliyokuwa msitu wa asili wa Mau hadi juzi yana mboji nyingi, na mboji ni ghala ya naitrojeni. Zao la kwanza la misunobari katika ardhi ya namna hiyo huenda lisitikisike kwa mbolea yoyote. Upande mwingine, udongo huo una uchachu na umejaa madini ya chuma na alumini, ambayo huikamata fosforasi na kuishikilia hata mizizi isiweze kuipata. Mtu aweza kumwaga fosfeti nyingi ikanywewa na udongo kabla ya mti. Msunobari una msaidizi wake katika vita hivyo, nao ni kuvu wanaoishi kwa kuikumbatia mizizi yake na kuifikisha mbali mno kuliko ingeweza kwenda yenyewe, na ndiyo sababu watunza vitalu huchota udongo chini ya misunobari mikongwe na kuuchanganya katika vifuko vya miche; msunobari usio na kuvu hao hukaa njano na kufa hata ukiwekwa katika udongo mwema.

Swaziland, nchi ambayo siku hizi huitwa Eswatini, ilitupa ushahidi wenye manufaa kuliko wa Marekani, kwani msitu wake wa Usutu ni wa patula, mti ule ule wa kwetu. Mtaalamu Mwingereza Julian Evans alianza mwaka 1968 kuyapima maeneo yale yale zao baada ya zao, apate kujua kama ardhi inachoka. Na alichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya msitu haikuonyesha kuchoka, isipokuwa katika sehemu ndogo yenye udongo uliotokana na mwamba wa aina nyingine, ambako zao la pili lilizorota na fosfeti ikahitajika. Msitu mmoja, mti mmoja, mtunzaji mmoja. Mbolea ilihitajika huku na huko haikuhitajika, kwa tofauti ya jiwe lililo chini.

Na hapa Afrika ya Mashariki kwenyewe kuna kisa kinachostahili kukumbukwa na kila mwenye kushika mfuko. Misunobari katika baadhi ya mashamba ilikuwa ikikauka ncha. Chipukizi la juu linakufa, mti unatoa matawi kando kutafuta kiongozi mpya, kisha hilo nalo linakufa, mpaka mti unaotakiwa uwe mlingoti unakuwa kichaka. Mwaka 1961 watafiti Vail, Parry na Calton walichapisha uchunguzi uliobainisha kwamba kilichokosekana hakikuwa naitrojeni wala fosforasi, bali boroni, madini ambayo mti huyataka kwa kiasi cha chembe tu. Fikiria basi mwenye shamba ambaye angeuona msitu ule umedhoofu akaumwagia yurea kwa mamia ya kilo: miti ingejaribu kukua upesi zaidi, na kwa kukua upesi ingeimaliza boroni kidogo iliyokuwapo, na ncha zingekauka kuliko kwanza. Wala boroni yenyewe haitaki ukarimu, kwani kipimo kikizidi kidogo hugeuka sumu.

Kwa hiyo uchunguzi hauna budi kutangulia, na hapo ndipo wenyeji wa Kericho walipo na bahati ambayo wengi hawana. Huko Timbilil, nje kidogo ya mji, kipo kituo cha utafiti wa chai, mrithi wa taasisi iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki yote, na kazi ya kulisoma jani ili kujua njaa ya mmea ni kazi waliyoizoea huko kwa miongo. Jani la msunobari husomwa kwa kanuni hiyo hiyo. Huchumwa majani yaliyokomaa ya mwaka huo, sehemu ya juu ya kilele inayopigwa na jua, kutoka miti iliyo bora na si ile iliyotawaliwa; hukaushwa, husagwa na kupimwa. Kwa msunobari wa Marekani, naitrojeni ikiwa chini ya asilimia 1.2 ya uzito mkavu na fosforasi chini ya asilimia 0.12, mti huhesabiwa una njaa. Patula ana vipimo vyake, na si busara kumvika mmoja nguo ya mwingine.

Lazima pia tuulize ardhi imepita katika mikono gani. Ule mtindo wa kumruhusu mkulima alime viazi na mahindi baina ya miche ya serikali, ambao watu wote huuita mtindo wa shamba, na ambao ulipigwa marufuku mwaka 1987 ukarejea baadaye chini ya majina na sheria nyingine, umelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Lakini mlima viazi huja na DAP yake, na masazo ya DAP hiyo hubaki ardhini kwa mche. Msitu uliolelewa hivyo umekwisha kula chakula ambacho hakikuandikwa katika daftari lolote. Kinyume chake, pale ambapo ardhi imelimwa miaka mingi bila ya kurudishiwa kitu, kisha ikaachiwa miti kwa kuwa haifai tena kwa mahindi, kama ilivyo katika baadhi ya miteremko ya Bomet ya chini, ndipo ningetazamia mbolea iitikiwe kwa nguvu.

Kumwaga kwenyewe si kazi ya kuandikiwa mengi. Yurea ikilala juu ya majani makavu wakati wa jua hupaa angani kama moshi usioonekana, hivyo hungojewa mvua, na Kericho mvua si haba. Hutawanywa kwa mkono ardhini mwote, si kurundikwa shinani, kwani mizizi inayofyonza chakula ya mti wa umri huo iko mbali na shina. Kando ya mto huachwa ukanda usioguswa. Maji ya nchi hii yana historia ya kuchungwa: ni katika Mau ya Kusini Magharibi, kwenye bonde la Sambret, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1950 watafiti wa kituo cha Muguga walipima kila tone lililoingia na kutoka ili kujua msitu ukigeuzwa kuwa chai mto unapata nini, nao ni maji hayo hayo yanayoshuka hadi Sondu na Ziwa.

Nikiulizwa ni mti gani utakaolishwa kwanza katika nchi ya chai, sitasema msunobari. Nitasema mkaratusi, mti ulioletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za reli, na ambao leo huyakausha majani ya chai katika viwanda vya wakulima na vya makampuni. Huo hukatwa mapema, huchipua tena kutoka kisikini, na kila ukatwapo huondoka na madini ya ardhi, hasa magome na matawi yakichukuliwa pamoja na gogo. Fedha zinazokaa ardhini miaka michache huwatisha watu kidogo kuliko zinazokaa minane. Na kuna mbolea moja ambayo viwanda vinayo tele, nayo ni majivu ya matanuri. Chai haiyapendi: kila mkulima wa Kericho anajua kwamba mahali palipokuwa na nyumba na mazizi ya zamani, majivu ya mekoni yaliyokwisha kuuondoa uchachu wa udongo huifanya chai inyong'onyee hata vizazi baadaye. Lakini yale yanayoiudhi chai, yaani chokaa na potasiamu, pamoja na fosforasi kidogo na chembe za boroni, ndiyo yaliyotoka katika mti, na huko Finland majivu ya kuni hurudishwa kwa makusudi katika misitu ya misunobari iliyoota kwenye ardhi ya mboji ya majimaji. Naitrojeni haimo, kwa kuwa imekwenda na moshi.

Mwenye ekari moja ya paini na shaka moyoni hana haja ya kungoja ripoti ya mtu. Apunguze miti yake kwanza. Kisha aigawe ekari vipande vinne, viwili avitie mbolea na viwili aviache, kwa kupokezana ili mteremko usimdanganye, na baina yao aache mistari miwili ya miti isiyohesabiwa, kwa sababu mizizi haiheshimu mipaka. Katika kila kipande achague miti ishirini, aipake alama ya rangi kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, azungushe kamba ya fundi cherehani juu ya alama hiyo hiyo na kuandika mzingo wake, na arudie baada ya miaka miwili, na tena baada ya minne. Asitazamie maajabu kwa macho. Kwa mti wenye unene wa sentimita 20, nyongeza ile ile ya Marekani tuliyoihesabu, ikigawanywa kwa miti 600 ya hekta, ni kama nusu sentimita ya unene baada ya miaka miwili, ambayo katika mzingo ni sentimita moja na nusu. Kamba itaionyesha, na wastani wa miti ishirini utaithibitisha, ilhali mpita njia ataapa kwamba vipande vyote vinne viko sawa.